Damu ya Giaboksi

Mimi ndiye niliyeiita damu. Nasema hivyo mapema kwa sababu nimewahi kuwasikia watu pale Meru wakilisimulia jambo hili kana kwamba neno lilianguka kutoka mbinguni, au lilitoka kwa Wahindi, au mafundi wa nchi nzima walikuwa wakilitumia. Waongo. Debe la oili lilifika gerejini kwetu kutoka Nairobi, nikalitoboa, nikaona wekundu wake, nikasema, "Hii si oili, hii ni damu." Watu wakacheka. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeiita vingine. Na huo ulikuwa wakati wa Imajensi, serikali inawasaka wapiganaji msituni, na vijijini watu wanashikwa kwa ajili ya viapo ambavyo ilisemekana ndani yake mna damu. Mtu mwenye akili angetafuta neno jingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na akili nilidhani ninazo nyingi. Nilizaliwa mjini Meru, katika mtaa wa Waislamu, kwa watu wa asili mchanganyiko: upande mmoja Wanyamwezi, upande mwingine Waborana, na katikati Mmeru mmoja aliyesilimu kwa ajili ya mke. Wajomba zangu wote walikuwa wachinjaji. Kwenye kitambulisho changu karani aliandika "Mswahili", na neno hilo moja likaniokoa na mengi. Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuruhusiwa kusafiri bila pasibuku, kile kijitabu cha kazi na safari, na pasibuku bila muhuri wa safari hiyohiyo haikuwa kitu. Mimi nilipita kwenye vizuizi nikiwapungia mkono homugadi, wale walinzi wa serikali waliochukuliwa vijijini. Nilidhani napita kwa sababu mimi ni mjanja.

Mwenzangu gerejini alikuwa Mwembu, mtu wa makamo, Mkristo wa misheni asiyegusa pombe wala tumbaku. Ufundi alijifunza jeshini, wakati wa vita vya Hitler. Mimi nilimwita Mzee, yeye aliniita Mswahili, na katika utani huo tulifanya kazi miaka minne bila kugombana zaidi ya mara mbili kwa wiki. Alikuwa fundi kuliko mimi. Aliweka kijiti cha mti kwenye injini, ncha nyingine sikioni, akafumba macho, kisha akasema ni chuma gani kinacholia. Sikuwahi kumwona akikosea. Kitu kimoja tu kilimshinda, kusoma. Alijua tarakimu na jina lake, basi. Barua, risiti, vitabu vya magari, vyote vilikuwa kazi yangu, na mimi nilijivunia kazi hiyo kupita kiasi.

Mkewe na watoto walikuwa Embu. Walihamishwa kutoka shambani kwao wakatiwa katika kijiji chenye handaki na miti iliyochongwa ncha, kama wengine wote. Kwa muda wa miezi mitano hakuwaona. Kila alipokwenda kuomba kibali karani alimwambia arudi wiki ijayo, naye kila mara alirudi gerejini, akavaa ovaroli, akasema, "Wiki ijayo." Hakulalamika. Mimi ningemtukana karani mpaka nifungwe.

Sasa gari. Mzungu mmoja mwenye shamba la ngano upande wa Timau alinunua gari la Kimarekani, jipana, la kijani, lisilokuwa na pedeli ya klachi. Lilijibadilishia gia lenyewe. Siku lilipoingia gerejini tulilizunguka kama watu waliopelekewa ng'ombe mwenye vichwa viwili. Mzungu yule alipenda mbio, na alisikia kwamba wazungu wa Embu, wakulima na maofisa, wangefanya mashindano ya magari siku ya Jumapili katika kiwanja kidogo cha ndege, kujituliza roho na hali ilivyokuwa. Akataka gari litengenezwe liwe tayari.

Siku ya kulijaribu alinipakia kando yake, tukateremka barabara ya Ruiri, ambako kuna mahali parefu panyoofu pasipo na mto wala kona. Alilikanyaga mpaka nikasoma shahada kimoyomoyo. Tuliporudi Meru moshi mweupe ulikuwa unatoka chini, na tulipolisimamisha matone mekundu yakaanguka sakafuni, moja baada ya jingine. Oili ya giaboksi ilikuwa inamwagika juu ya ekzosi na kuungua. Harufu yake siisahau, ni kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Tukaanza kazi. Mzee alifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, akakata gaskiti mpya ya koki kwa mkono, akabadilisha sili ya nyuma, pete ya kuzuia oili pale shafti inapotokea. Tukajaza, tukafunga, tukafuta kila kitu kikauke. Likitembea polepole kwenda sokoni na kurudi halikutoa hata tone. Likipelekwa mbio dakika kumi, linamwaga. Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, niliwasha injini, nikachomoa kipimo, nikakuta oili imeshuka chini ya alama ya juu. Nikaongeza mpaka ikafika. Jioni imemwagika tena. Asubuhi naongeza tena. Mzee alikuwa akilala chini ya gari akitafuta ufa ambao haukuwapo, na mimi nilikuwa juu nikimimina.

Katika kisanduku cha mbele cha gari lile mlikuwa na kitabu cha Kiingereza. Mzee aliniambia, "Mswahili, soma hicho, huenda kinasema kitu." Nikakipekua, nikatazama picha, nikakuta maneno marefu, nikamwambia nimesoma na hakuna jipya. Sikukisoma. Nilikuwa nimefika darasa la nane na sikutaka aone nikikwama kwenye neno mbele ya watu. Kwa hiyo tuliendelea kumimina.

Jumatano mzungu aliondoka na gari kwenda Embu kufanya mazoezi, akanichukua mimi. Mzee hakuwa na kibali, akabaki. Nilibeba chupa sita za damu, chupa za bia tulizozioshea kazi hiyo, zimezibwa kwa magunzi ya mahindi kwa sababu vifuniko vyake vilikwishapotea. Barabara ya Meru hadi Embu wakati ule ilikuwa kona tupu na mito, unashuka, unavuka, unapanda, na katika mto wa mpakani kulikuwa na kizuizi kikubwa chenye kituo cha homugadi. Kamanda wao alinitazama, akamtazama mzungu, akainua mti tukapita.

Kiwanjani walikuwa wamepanga mapipa yaliyopakwa chokaa kuonyesha njia, mviringo mrefu, unakata kushoto muda wote. Gari letu lilikuwa na nguvu kuliko mengine, hilo lilionekana tangu mzunguko wa kwanza. Na tangu mzunguko wa nne lilianza kutoa moshi. Alhamisi asubuhi nikapima, nikaongeza chupa ya mwisho. Alhamisi mchana likaimwaga yote mbele ya macho ya wazungu wenzake, na mmoja wao akaangua kicheko. Mwenye gari alishuka amekuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Wewe fundi gani?" akaniambia. "Gari nakojoa kila pahali. Jumapili kama nakojoa tena, wewe tafuta kazi ingine."

Nikamwambia nimeshaona tatizo, nitaziba, asiwe na wasiwasi. Sikuwa nimeona kitu.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliendesha lori la ngozi kati ya Meru na Embu, naye alikuwa anarudi Meru mchana huohuo. Nikachana karatasi, nikaiegemeza kwenye tairi, nikaandika. Barua yenyewe naikumbuka neno kwa neno, na ningetoa kitu kikubwa kuisahau. Niliandika: "Mzee, damu imekwisha. Yote uliyonipa imemwagika uwanjani. Lete chupa nne kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili ndiyo siku yenyewe na wazungu wote watakuwapo. Usimwambie mtu. Mzungu akijua, tumekwisha."

Sikutia jina langu. Mzee alijua mwandiko wangu ulivyo, hata kama hakuweza kuusoma. Nilimpa binamu yangu, nikaenda kutafuta chai.

Yaliyofuata niliyapata baadaye, mengine kwa Mhindi mwenye gereji, mengine kwa Mzee mwenyewe. Barua ilifika Ijumaa. Mhindi aliisoma kwa sauti, Mzee akamwomba aisome mara ya pili. Kisha alikaa juu ya tairi, kile kijiti chake mkononi. Mwishowe akasema shida ya gari lile haikuwa kuvuja, na kwamba lazima aje aniambie mwenyewe kwa kuwa mimi ni mbishi na sitakubali kwa barua. Mhindi akasema potelea mbali, lakini damu aipeleke vilevile. Wakajaza chupa nne, wakaziba kwa magunzi.

Jumamosi asubuhi alikwenda kuomba kibali. Karani hakuwapo. Mzee akawaza njia nyingine. Alikuwa na pasibuku yenye jina la mwajiri, alikuwa na chupa, na alikuwa na barua yangu. Aliona barua ile ndiyo itakayomtetea: mtu akimuuliza anakwenda wapi bila muhuri, ataitoa, wataona ameitwa kazini. Aliikunja vizuri akaitia katika mfuko wa shati, karibu na pasibuku. Naamini pia alikuwa anawaza kile kijiji chenye handaki na waliokuwa ndani yake. Akapanda lori la binamu yangu.

Walisimamishwa kwenye kizuizi cha mtoni jioni ile. Homugadi akauliza muhuri. Mzee akatoa barua yangu, akampa kwa mikono miwili.

Isome tena ukiwa homugadi. Mwembu hana kibali, anavuka mpaka, ana chupa nne za bia zilizojaa kitu chekundu zimezibwa kwa magunzi, na anakupa kwa hiari yake karatasi inayosema damu iletwe kabla ya siku yenyewe, wazungu wote watakuwapo, usimwambie mtu. Binamu yangu aliwaambia ni oili ya gari. Kamanda akamjibu, "Oili ni nyeusi. Hata mtoto anajua." Na kwa kweli oili zote alizowahi kuona maishani mwake zilikuwa nyeusi. Wakamfungia binamu yangu usiku kucha, asubuhi wakamwachia kwa kuwa alikuwa Mswahili mwenye karatasi zake. Mzee wakambakiza. Swali lao lilikuwa moja, nani aliyeandika.

Mimi Jumapili nilikuwa kiwanjani tangu alfajiri nikingojea damu. Saa tatu, hakuna. Saa nne, hakuna. Mzungu akaja akauliza kama gari liko tayari, nikasema liko tayari, bwana. Sikuwa na hata tone la kuongeza. Nikamwachia Mungu.

Gari likakimbia. Mzunguko wa kwanza, wa nne, wa saba. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya mapipa nikitazama chini yake, na moshi haukutoka. Mbio za kwanza likashinda. Nikajitupa chini yake kabla hata mzungu hajashuka, nikapitisha kiganja kwenye sampu, kwenye sili, kwenye tundu la giaboksi la kupumulia. Pakavu. Sikuelewa, na wala sikutaka kuelewa. Mbio za pili likashinda tena. Wazungu walioliona likimwaga Alhamisi sasa waliniuliza nimefanya nini, na mimi nikainua mabega kama mtu mwenye siri kubwa ya kazi. Nilikuwa na furaha. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu nimeshajitetea miaka mingi kwa maneno mengine.

Saa nane mchana binamu yangu alinikuta pale kando ya mapipa. Alikuwa hajanawa uso. Alinivuta kando.

"Mzee ameshikwa pale mtoni," akasema. "Wanasema zile chupa ni damu ya kiapo. Wameshika barua yako, lakini hatujakutaja. Nimeshusha ngozi, nageuza sasa hivi, njia inafungwa saa kumi na mbili. Panda twende, ukawaambie ni wewe uliandika."

Nilijua papo hapo ni barua gani na kila neno lililokuwamo. Nikauliza kama wamempiga, akasema bado, wanamwuliza tu, lakini wanamwuliza vibaya.

Mbio za mwisho, za kikombe, zilikuwa zianze saa tisa.

"Tangulia," nikamwambia. "Mbio zikiisha nakuja na gari la mzungu. Neno la mzungu litakuwa na uzito kuliko langu."

Hoja yenyewe haikuwa mbaya, na ndiyo niliyojitetea nayo miaka yote. Lakini ukweli una miguu mingine. Mguu mmoja ni hofu: niliogopa nikifika pale bila mzungu, na mwandiko ni wangu, nitakalishwa chini kando ya Mzee na kile kitambulisho cha Mswahili kisinifae kitu. Mguu wa pili unanitia aibu zaidi. Nilitaka kuona gari likishinda. Lilikuwa halimwagi, watu walikuwa wananitazama, na nilitaka saa moja zaidi ya kutazamwa. Binamu yangu aliniangalia kidogo, akasema haya, akaenda kwenye lori lake.

Gari lilikuwa la pili. Kulikuwa na kikombe kidogo na makofi na chupa nyingi zilizofunguliwa. Nilipomfikia mzungu na kumweleza, alikuwa na watu. Alisikiliza nusu.

"Kesho," akasema. "Yule mkubwa ya huko ni rafiki yangu. Kesho mimi andika."

Jua lilikuwa bado juu. Ningeweza kumsihi, ningeweza kupiga magoti, ningeweza kwenda kwa miguu nikafika nilipofika. Nilisema ndiyo bwana, nikaanza kufunga vyombo.

Jumatatu asubuhi nilimsubiri nje ya hoteli mpaka saa nne alipoamka. Akaandika mstari mmoja wa Kiingereza nyuma ya karatasi ya sigara. Nikachota damu kidogo kutoka giaboksi, nikaitia kwenye chupa, nikapata gari la maziwa. Saa sita nilikuwa mtoni.

Kamanda wa homugadi alikuwa mtu mzima, mtaratibu, mwenye koti la jeshi lililomzidi ukubwa. "Wewe ndio uliandika hii?" akaniuliza, barua yangu mkononi.

"Ni mimi."

"Na hii damu ni ya nini?"

"Ni oili ya giaboksi. Tunaiita damu kwa sababu ni nyekundu. Ni jina tu."

"Jina tu," akarudia polepole.

Ofisa kijana wa kizungu akatoka hemani, akasoma ile karatasi ya sigara, akachovya kidole kwenye chupa yangu, akanusa. Kisha akacheka, akamwambia kamanda kwa Kiswahili cha kuvunja kwamba hii ni mafuta ya motokaa, na rafiki yake ana motokaa kama hiyo. Haikuchukua hata muda wa kuvuta sigara. Barua yangu ilikuwa na mistari minne, ya mwenye gari mmoja tu, na ule mmoja ukamfungua mtu. Kamanda hakucheka. Alimimina matone mawili kiganjani, akayasugua, akayatazama muda mrefu, na uso wake ukabadilika. Hakusema pole, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumfungulia Mzee mlango.

Alitoka akiwa ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Walikuwa wameuwekea jiwe chini na rungu juu. Aliufunga kwa kipande cha shati, na vidole vilivyoonekana vilikuwa vimevimba vikawa vya rangi nisiyotaka kuielezea. Ofisa akampa karatasi inayosema arudi Meru siku hiyohiyo. Embu hakuruhusiwa kufika. Tulikaa kwenye ukingo wa kalavati, lile daraja fupi la barabara, kungojea gari, na mimi sikujua niweke wapi macho.

"Gari limemwaga?" akaniuliza.

"Halikumwaga."

"Kwa sababu hukuongeza kitu."

"Sikuwa na cha kuongeza."

Akatikisa kichwa. "Mlikuwa mnapima likiwa baridi. Oili ikipata moto inapanda, ni kama uji. Asubuhi wewe unajaza mpaka alama ya juu, mchana inakosa mahali, inatokea penye tundu la kupumulia. Halafu kesho asubuhi unaona imepungua, unajaza tena. Haikuwa inavuja, Mswahili. Ilikuwa imeshiba. Nilikuwa nakuja kukuambia hivyo tu."

Baadaye nilikitafuta kile kitabu cha gari nikakisoma. Ukurasa wa tisa, maneno yasiyozidi kumi: pima oili gari likiwa limepata moto. Nilijua kila neno kati ya hayo.

Pale kalavatini nilisema kitu cha kipumbavu. Nilimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sijui kwa nini sikuufunga mdomo. Hakukasirika. Alitazama barabara, kisha akaniuliza, "Ulisikia lini kwamba nimeshikwa?"

"Leo asubuhi," nikasema.

Akaniangalia. Akasema, "Haya."

Mkono wake ulipona ulivyotaka wenyewe. Daktari wa misheni alijitahidi kunyoosha vidole, lakini viwili vilibaki vimejikunja kiganjani. Aliweza kushika kikombe. Spana hakuweza. Mhindi hakumfukuza, na kwa hilo namheshimu. Aliamua kwamba Mzee awe masikio na mimi niwe mikono. Basi ndivyo tulivyofanya kazi. Yeye aliweka kijiti, akasikiliza, akaniambia fungua hapa, kaza pale, na mimi nikafanya. Watu walisema tunapatana kuliko zamani. Kweli, hatukugombana tena. Mimi sikuwa na uso wa kugombana naye, na yeye alikuwa amepunguza maneno. Utani wa Mswahili uliisha bila yeyote kuutangazia mwisho. Alianza kuniita fundi.

Neno damu tuliliacha. Debe lililobaki liliandikwa kwa chaki "mafuta mekundu", na aliyeliandika ni mimi.

Miezi miwili hivi ikapita. Binamu yangu alikuja Meru na ngozi, akala chakula cha mchana kwa mama, na tukiwa tunanawa mikono akaniuliza jambo ambalo inaelekea lilikuwa limemkaa rohoni.

"Hivi siku ile ulifika pale mtoni saa ngapi?"

"Siku ipi?"

"Jumapili. Maana mimi nilipopita kurudi ilikuwa yapata saa kumi na moja, nikamkuta wamemkalisha nje karibu na seng'enge. Nikashusha kioo, nikamwambia, Mzee, nimemwona fundi mwenzako, yuko nyuma yangu, anakuja na gari la mzungu. Akafurahi. Akasema, basi afadhali, barua ni ya kwake, yeye ndiye ataisemea. Akasema hatakutaja mpaka ufike, asije akakuharibia kwa kutangulia."

Nilimwuliza kama ana hakika ilikuwa saa kumi na moja. Akasema ana hakika, njia ilikuwa karibu kufungwa.

Mkono waliuvunja Jumapili jioni. Hilo nilikuwa nalijua siku nyingi, alilisema daktari. Nilichokuwa sijui ni kwamba walipokuwa wakimwuliza nani aliyeandika, alikuwa na jibu mdomoni, na alinyamaza kwa sababu aliamini niko njiani. Kila walipouliza alikuwa ananipa dakika moja zaidi nifike. Na kesho yake pale kalavatini aliponiuliza nilisikia lini, alikuwa anajua. Alitaka tu kuona nitasema nini, nami nikasema leo asubuhi.

Nilimwambia binamu yangu kwamba nilichelewa kidogo. Mama akauliza mbona sinywi chai, nikasema imenichoma. Kesho yake nilikwenda gerejini mapema nikiwa nimeshapanga maneno yote ya kumwambia, tangu la kwanza hadi la mwisho. Lori la kwanza lilikuwa limeshaingizwa. Mzee alikuwa amelala chini yake, taa katika mkono wa kushoto, ananingoja.